Chemsha Maziwa, Lakini Usiishie Hapo

Je, msomaji, maziwa uliyotia katika chai yako asubuhi ya leo yalitoka wapi? Ukiulizwa uliyanunua wapi, utajibu upesi: ni katika kioski cha pale pembeni, ni kwa mchuuzi wa pikipiki, ni katika ile mashine ambayo watu huiita ATM ya maziwa, au ni pakiti ya dukani. Lakini ukiulizwa ng'ombe alikamuliwa saa ngapi, alilishwa nini, na kama alidungwa dawa juma lililopita, huenda ukanyamaza.

Swali hilo si la udadisi mtupu. Maziwa ni chakula bora. Yana protini ya kujenga mwili, madini ya kuimarisha mifupa na meno, na vitamini nyingi. Lakini kile kinachomlisha mtoto humlisha hata kijidudu. Viini vya maradhi vikiingia katika maziwa yenye uvuguvugu, hukaa humo kama wageni walioandaliwa karamu.

Somo la juma hili lina mambo mawili. La kwanza unalijua, nalo ni kuchemsha maziwa. La pili halizungumzwi sana: yako madhara mengine ambayo moto hauyaondoi hata ukichemsha mpaka sufuria iungue. Hayo huzuiwa zizini tu, na mnunuzi wa mjini ana sehemu yake katika kuyazuia.

SAFARI YA MAZIWA

Sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu. Wengi katika sehemu za Kiambu, Nyandarua na Murang'a hufuga ng'ombe wao zizini kwa sababu mashamba ni madogo. Huwakatia nyasi za nepia, mabua ya mahindi na majani ya ndizi, na kuongezea chakula cha gunia wanachonunua dukani.

Zamani maziwa hayo yalipita mlango mmoja. Kampuni ya KCC, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza maziwa mijini hadi biashara hiyo ilipofunguliwa mwaka wa 1992. Tangu hapo wachuuzi wadogo waliongezeka, na hadi leo sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini hupita mikononi mwao yakiwa mabichi.

Tuyafuate maziwa hayo kwa siku moja. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri. Mchuuzi huzunguka akikusanya lita tano hapa na lita nane pale, akichanganya yote katika mtungi mmoja. Kisha hupanda pikipiki au matatu kuelekea mjini. Saa nne au saa tano asubuhi mama wa kioski ndipo anapoanza kuyauza, na pengine bado yako dirishani saa kumi jioni.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza ni kule kuchanganya. Ng'ombe mmoja mgonjwa kati ya kumi anatosha kuyatia dosari maziwa ya mtungi mzima. Pili ni muda. Kukiwa na joto, viini vingi huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa hivi. Kwa mfano, viini 1,000 saa kumi na moja alfajiri, vikiongezeka kwa kasi hiyo kwa saa sita, hufikia zaidi ya milioni nne. Basi maziwa yaliyopoozwa mapema na yale yaliyosafiri juani hayalingani, hata kama yalikamuliwa zizi moja.

Hatusemi haya ili umkimbie mchuuzi. Pesa za maziwa ndizo zinazolipia karo katika nyumba nyingi za mashambani, na bei ya kioski ndiyo inayowezesha familia nyingi za mjini kuwapa watoto maziwa. Tunalotaka ni ununue ukijua.

YALE TUNAYOYAAMINI

Mitaani kuna imani nyingi kuhusu maziwa. Tuzipime chache.

"Maziwa mabichi ndiyo halisi, ya pakiti yametiwa dawa." Si kweli kwamba dawa ndiyo inayohifadhi maziwa ya pakiti. Maziwa ya kawaida ya pakiti hupashwa moto hadi nyuzi 63 za selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupoozwa haraka. Yale yanayokaa miezi bila friji hupashwa moto mkali zaidi, wa nyuzi 135 na kupita, kwa sekunde chache tu, kisha hufungwa katika pakiti isiyoingiza hewa wala viini. Ni moto na pakiti vinavyoyahifadhi. Ukishaifungua pakiti hiyo, maziwa yake huharibika kama mengine yoyote.

"Maziwa mazito yenye malai mengi ndiyo safi." Uzito hauonyeshi usafi. Ng'ombe wa Jersey hutoa maziwa yenye mafuta mengi kuliko ya Friesian, na wote wawili wanaweza kuwa wagonjwa au wazima. Hata kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa hugundua zaidi kama yametiwa maji. Hakiwezi kukuonyesha viini. Macho, pua na ulimi hugundua maziwa yaliyochacha, lakini maziwa yenye viini vya maradhi huweza kuwa meupe, matamu na yenye harufu nzuri.

"Maziwa lala na mursik hayana viini kwa sababu ni makali." Ukali hupunguza baadhi ya viini, lakini si wa kutegemewa kuviua vyote. Maziwa yaliyogandishwa yakiwa mabichi huweza kubaki na viini hai. Dawa ni rahisi: chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe, ndipo uyagandishe.

"Maziwa ya ngamia huharibiwa na moto." Wengi wanaonunua maziwa yanayotoka Isiolo hadi Eastleigh huyapenda yakiwa mabichi, na yenye harufu ya moshi uliofukiziwa chombo. Ufukizo huo ni ujuzi wa tangu jadi. Hupunguza viini chomboni na kuyapa maziwa ladha. Lakini moshi haufanyi kazi ya moto, na ngamia pia hupata maradhi yanayoambukiza binadamu.

"Nimekunywa mabichi tangu utotoni na sijaugua." Huenda ni kweli. Lakini wako wengi ambao wametibiwa malaria mara tatu kwa homa ambayo haikuwa malaria kamwe.

MARADHI YANAYOZUIWA NA MOTO

Ugonjwa wa kwanza ni brusela. Ng'ombe, mbuzi au ngamia mwenye brusela huweza kutupa mimba, ingawa mara nyingine huonekana mzima kabisa. Mkulima na daktari wa mifugo huweza kuupata kwa kushika kondo la nyuma au mimba iliyotupwa bila glavu. Mtu wa mjini aghalabu huupata kwa kunywa maziwa mabichi.

Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo na mgongo, na kukosa hamu ya chakula. Wanaume wengine huvimba korodani. Mwanamke mjamzito huweza kupoteza mimba. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria na homa ya matumbo, ugonjwa huweza kukaa mwilini miezi mingi bila kutambuliwa. Kinyume chake pia hutokea: baadhi ya vipimo vya haraka vinavyotumiwa katika kliniki ndogo si vya kuaminika sana, na mtu huambiwa ana brusela asiyokuwa nayo. Ukiambiwa unayo, muulize daktari kama kuna kipimo kingine cha kuthibitisha.

Matibabu yapo, lakini ni ya muda mrefu. Kwa kawaida daktari hutoa dawa mbili pamoja kwa muda wa majuma sita au zaidi. Wengi huacha baada ya juma la pili kwa sababu homa imepungua, na ugonjwa huwarudia. Maliza dawa zote.

Ugonjwa wa pili ni kifua kikuu cha ng'ombe. Huu huweza kumwingia mtu kwa maziwa na kushika tezi za shingo au tumbo. Kisha kuna maradhi ya kuhara yanayoletwa na viini kama salmonela, ambayo kwa mtoto mdogo huweza kuwa hatari katika muda wa saa chache.

Maradhi haya yote huzuiwa na sufuria. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, wakishirikiana na wenzao wa serikali katika mradi wa wakulima wadogo wa maziwa ulioanza mwaka wa 1997, walipata kwamba karibu wanunuzi wote wa maziwa mabichi huyachemsha kabla ya kuyanywa. Desturi yetu ya kupika chai kwa kuchemsha maji, majani na maziwa pamoja imetukinga na mengi bila ya kujua. Hatari huja pale desturi hiyo inaporukwa: maziwa ya kumwagia uji uliokwisha kuiva, ya kuchanganya na matunda katika mashine, ya kugandishwa, au ya mtoto anayelia na jiko halijawashwa.

NAMNA YA KUCHEMSHA

Kuchemsha nako kuna ufundi wake. Fuata hatua hizi:

1. Chemsha mara tu unapofika nyumbani, usingoje jioni.

2. Chuja kwa kitambaa au chujio safi, kisha tia katika sufuria safi yenye nafasi ya kutosha.

3. Maziwa yakipanda mara ya kwanza, usiondoe sufuria na kudhani umemaliza. Povu hupanda hata kabla hayajachemka barabara. Punguza moto, koroga, na uyaache yatokote kwa dakika moja au mbili. Wakazi wa Nairobi wasiwe na wasiwasi kwamba huku juu vitu huchemka kwa joto la chini kidogo kuliko Mombasa. Nyuzi 94 au 95 zinazofikiwa hapa zatosha kuua viini tulivyovitaja.

4. Funika, kisha weka sufuria katika karai la maji baridi yapoe haraka. Kama una friji, yatie humo. Kama huna, chemsha yanayotosha siku moja tu.

5. Usiyarudishe katika ile chupa iliyoleta maziwa mabichi kabla ya kuiosha kwa maji moto na sabuni. Hapa ndipo wengi hukosea. Viini vilivyouawa sufuriani huletwa upya na mabaki ya chupani.

6. Usichanganye maziwa ya jana na ya leo.

Maziwa ya mashine nayo je? Mashine hiyo hupooza na kupima. Haipiki. Maziwa yanatakiwa yawe yamepashwa moto kiwandani kabla ya kutiwa humo. Kama huna hakika, yachemshe. Hutapoteza kitu ila gesi kidogo.

YALE MOTO HAUYAONDOI

Sasa tufike kwenye sehemu ya pili. Kuna vitu vinne ambavyo havikomeshwi na jiko lako.

Cha kwanza ni mabaki ya dawa. Ng'ombe akishikwa na ugonjwa wa kiwele, hutibiwa kwa dawa za kuua viini kama penisilini. Dawa hiyo hutoka na maziwa kwa siku kadhaa. Kila dawa imeandikwa muda ambao maziwa hayafai kuuzwa, na mkulima hupaswa kuyamwaga hadi muda huo uishe. Lakini siku tatu bila mauzo ni hasara kubwa kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja, na ndipo kishawishi huja. Mabaki hayo huweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Pia huwafunza viini kuzoea dawa, ili siku utakapougua dawa isifanye kazi. Ishara moja unayoweza kuiona jikoni ni hii: ukitia hamira ya maziwa lala katika maziwa na yakakataa kuganda mara kwa mara, huenda yana mabaki ya dawa. Si ushahidi kamili, lakini ni sababu ya kuuliza.

Cha pili ni sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu wa nafaka. Wakenya wanaikumbuka kwa msiba wa mwaka wa 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa katika sehemu za mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yaliyooza. Baada ya msiba huo wengi tulijifunza kutupa mahindi yenye kuvu. Lakini tuliyatupa wapi? Nyumba nyingi husema, "Hayafai mtu, mpe ng'ombe." Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hiyo hubadilika na kutokea katika maziwa yake katika muda wa siku moja. Hivyo mahindi tuliyokataa mezani hurudi katika kikombe cha mtoto. Sumu hii hudhuru ini na huweza kuleta saratani, na kuchemsha hakuiondoi. Lakini kuna jambo la kutia moyo: mkulima akiacha kumpa ng'ombe chakula kibovu, sumu hupungua katika maziwa baada ya siku chache tu.

Cha tatu ni dawa za kuzuia maziwa yasichache. Wako wachuuzi wachache wanaotia haidrojeni peroksaidi, au hata formalini, ile ambayo hutumiwa kuhifadhi maiti. Hufanya hivyo kwa sababu mnunuzi hudai maziwa yakae mabichi siku nzima bila friji. Maziwa yasiyochacha kamwe si ya kusifiwa, ni ya kushukiwa.

Cha nne ni sumu zinazoachwa na viini vyenyewe. Baadhi ya viini vikipata muda mrefu wa kuzaana katika joto hutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Ndiyo maana kuchemsha maziwa yaliyoshinda juani si sawa na kuchemsha maziwa mapya. Maziwa yakikatika sufuriani, ujue yalikuwa yamekwisha kuharibika. Yamwage. Usiyapike chai kwa kuona huruma ya pesa.

NGUVU YA MNUNUZI

Mkulima na mchuuzi hutoa kile ambacho soko linalipia. Tukilipia uzito tu, tutapewa uzito. Tukidai bei ya chini na kutouliza lolote, mkulima aliyemwaga maziwa yenye dawa atapata hasara huku jirani yake aliyeyauza akipata faida. Lakini tukianza kuuliza, habari hufika hadi zizini, kwa maana njia ni fupi: wewe, kioski, mchuuzi, mkulima.

Uliza kwa adabu, si kama askari. "Mama, maziwa ya leo yamekamuliwa saa ngapi? Huyu kijana anayekuletea hutumia mtungi gani?" Mitungi ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu huosheka vizuri kuliko jerikeni ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono haufiki ndani. Uliza pia kama mchuuzi ana leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya. Na kama unamfahamu mkulima mwenyewe, mwulize hufanyaje ng'ombe akidungwa sindano. Akikwambia leo sina maziwa kwa sababu ng'ombe yuko katika dawa, usimkasirikie wala usimhame. Huyo ndiye wa kushikwa kwa mikono miwili.

UTAFITI MDOGO WA NYUMBANI

Juma hili chukua daftari la mtoto wa shule, uandike kila siku mambo matano: ulinunua wapi na saa ngapi, maziwa yalikamuliwa lini kwa mujibu wa muuzaji, yalikuwa katika chombo cha namna gani, uliyachemsha saa ngapi, na yalikatika au la. Mpe mtoto kazi ya kuandika, naye atajifunza.

Mwisho wa juma soma ulichoandika. Huenda ukagundua kwamba maziwa ya jioni hukatika mara nyingi kuliko ya asubuhi, au kwamba kioski kimoja hakiwezi kukujibu swali hata moja. Hapo utakuwa na sababu ya kubadili saa ya kununua au mahali pa kununua, badala ya kufuata mazoea tu.

JIPIME

1. Je, kipimo cha kioo chaweza kuonyesha kama maziwa yana brusela? (La. Hugundua zaidi maji.)

2. Maziwa ya lala yaliyotengenezwa kwa maziwa mabichi ni salama? (Si ya kutegemewa. Chemsha kwanza.)

3. Taja vitu viwili ambavyo moto hauondoi. (Mabaki ya dawa na aflatoksini, miongoni mwa vingine.)

4. Kwa nini si vyema kumpa ng'ombe mahindi yenye kuvu? (Sumu hurudi kwetu katika maziwa.)

5. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa gani? (Ya mama yake pekee, isipokuwa daktari ashauri vingine.)

Ukiwa na homa isiyosikia dawa za malaria, na jasho la usiku linalolowesha shuka, nenda hospitali na umwambie daktari kama umekunywa maziwa mabichi au umeshughulikia mifugo. Neno hilo moja huweza kumwokolea muda mwingi. Na kesho asubuhi, kabla ya kulipia nusu lita yako, muulize mama wa kioski swali lako la kwanza.